Bwawa Tumelituma, Uzio Uko Wapi?



Sisi tunaopanda na kushuka lifti za Tianxiu Dasha, hapa Huanshi Dong Lu, tunajua maana ya kibali kuliko watu wengi. Tangu tarehe 1 Julai 2013 sheria ya China inamtaka mgeni asiyelala hotelini ajiandikishe polisi ndani ya saa 24. Ukipuuza, faini yaweza kufika yuani 2,000. Tunanung'unika, lakini tunakwenda. Tunapanga foleni na pasipoti mkononi, na karatasi tukishapewa tunaikunja vizuri kama cheti cha ndoa.

Basi tuambizane ukweli. Watu hao hao, tukipakia mzigo wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, kuna bidhaa moja ambayo hatuiulizii sheria hata kidogo. Nayo ni bwawa la kuogelea la kusimamisha juu ya ardhi: plastiki nzito, nguzo za chuma, ngazi, pampu ndogo, vyote ndani ya boksi lenye picha ya watoto wanaocheka. Kwenye kontena halichukui nafasi. Nyumbani husimama kwa alasiri moja, bila fundi, bila saruji, na mtaa mzima hujua kwamba fulani yuko ughaibuni.

Mwenzetu mmoja alimpelekea mama yake bwawa la namna hiyo, Dar es Salaam, wajukuu wafurahie likizo ya Desemba. Siku ya tatu mtoto wa jirani, hajatimiza miaka mitatu, alikutwa ndani ya maji. Ngazi ilikuwa imeachwa pale pale. Dada wa kazi aliyekuwa akianika nguo ndiye aliyemvuta. Tunamshukuru Mungu, mtoto alipona. Lakini habari hiyo ilipohadithiwa hapa dukani, swali la kwanza lililoulizwa lilikuwa: "Bwawa lenyewe halikupasuka?" Hakuna aliyeuliza habari za uzio.

Watatuambia: uzio upo, nyumba ina ukuta na geti. Ndiyo, una vipande vya chupa juu yake. Ukuta huo umejengwa kumzuia mwizi wa nje. Mtoto anayezama yumo ndani ya ukuta, pamoja na bwawa. Katika jimbo la New South Wales, Australia, bwawa lolote linaloweza kushika maji ya kina cha zaidi ya sentimita 30, hata la kupulizwa, lazima lizungushiwe uzio wa mita 1.2, na geti lijifunge lenyewe. Kwa mabwawa mapya uzio huo husimama kati ya maji na nyumba, maana anayelindwa anatokea mlango wa jikoni.

Wengine watasema: bwawa lenyewe ni refu, mtoto hafiki. Kanuni nyingi za Marekani ziliamini hivyo. Ukuta wa bwawa ukifika inchi 48, yaani kama mita 1.2, huhesabiwa kuwa uzio, mradi ngazi iondolewe au ifungwe. Lakini Julai 2025 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitangaza hatari katika mabwawa yapatayo milioni 5 ya Bestway, Intex na Polygroup, yote ya kimo hicho au zaidi. Mkanda unaopita nje ya nguzo, unaokaza bwawa lisitawanyike, mtoto anaukanyaga kama kidato cha ngazi, anapanda, anaingia. Mamlaka hiyo inaamini watoto 9 walikufa kwa njia hiyo kati ya mwaka 2007 na 2022, wa umri wa miezi 22 hadi miaka 3. Mnunuzi wa Marekani akaambiwa aombe bure kamba ya kufunga nguzo, kisha aukate mkanda ule. Je, mama wa Mbagala nani atampelekea kamba? Nani atampa hata hiyo habari, kama si sisi tuliomuuzia?

Tusijidanganye kwamba serikali zote za wakubwa zimekwisha kulimaliza jambo hili. Ufaransa ilitunga sheria Januari 2003 inayotaka uzio, king'ora, kifuniko au banda juu ya bwawa la nyumbani, lakini sheria hiyo inahusu mabwawa yaliyochimbiwa ardhini. Haya ya kusimamisha yaliachwa nje. Na kwetu mtu huomba kibali cha kujenga nyumba. Kwa kitu kilichotoka kwenye boksi hakuna anayefikiria kwenda halmashauri. Kwa hiyo anayesubiri sheria ndipo afanye la haki atasubiri sana, na maji hayasubiri.

Tena hali ya kwetu inaongeza hatari. Bwawa la upana wa mita 3, likijazwa sentimita 60, linameza zaidi ya lita 4,000. Kwa wenzetu wenye bomba lisilokatika, kuyamwaga maji hayo si hasara kubwa. Kwetu maji ya boza yanauma mfukoni. Nani atayamwaga? Yanakaa wiki nzima, mwezi mzima, yanachotwa ya kufulia na ya kumwagilia bustani. Toi la Jumamosi linageuka tangi lililo wazi, mchana na usiku, kimo cha mtoto.

Hoja ya mwisho ndiyo tunayoipenda zaidi: watoto wetu hulelewa na mtaa mzima, macho hayakosekani. Macho mengi yakiwapo, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Na mtoto anayezama hapigi kelele. Kinywa kimejaa maji. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto chini ya miaka 5, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi wa kwetu hufia kwenye visima, madimbwi, mito na maziwa. Je, hayo hayatoshi hata tuwaongezee maji mengine uani kwa kontena?

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Wembe humkata kidole akajifunza. Maji hayampi mtoto nafasi ya kujifunza.

Hatusemi bwawa lisitumwe. Joto la Dar tunalijua, na furaha ya watoto si dhambi. Tunasema anayeuza bwawa auze na masharti yake. Kwanza, pasitoke boksi hapa bila karatasi ya Kiswahili inayosema wazi: ngazi iondolewe kila mara watu wakitoka majini. Pili, mkanda wa nje ukaguliwe kabla ya kununua. Tatu, mnunuzi aambiwe gharama ya uzio siku ile ile anayoambiwa bei ya bwawa: wavu wa mita 1.2, nguzo, geti linalofunguka kwa nje na kujifunga, komeo lililo juu ya mkono wa mtoto. Hilo halihitaji kontena. Fundi wa mtaani analiweza. Asiyekuwa na fedha ya uzio, fedha ya bwawa bado hajaipata.

Faida itapungua kidogo, hatukatai. Kwa karatasi ya polisi wa hapa tunapanga foleni ndani ya saa 24, tukiogopa yuani 2,000. Kwa mtoto wa jirani ya mama yetu, tunaogopa nini?