Siku 21 za kujenga tabia zilitoka wapi

Dai la siku 21 linatokana na Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa sura, katika kitabu chake cha mwaka 1960. Aliona wagonjwa huchukua angalau muda huo kuzoea uso mpya. Hilo la "angalau" likapotea njiani. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12: wastani wa muda wa tabia kuzoeleka ulikuwa siku 66, na makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Kunywa maji huzoeleka upesi, mazoezi ya viungo huchelewa. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana, jambo ambalo wahubiri wa nidhamu hawalitaji. Washiriki waliifunga tabia kwenye jambo lililokuwapo tayari, mathalani baada ya kifungua kinywa. Kwenye tabia ya kuweka akiba, mambo ni tofauti kidogo. Kibubu hutegemea moyo wa mwenyewe, na moyo huo hulegea pesa zikibana. Upatu humbana mtu zaidi kwa sababu mchango usipotoka, mwenye zamu ndiye anayepunjwa, naye atabisha hodi jioni hiyohiyo.