Usiache mbachao kwa kamera ya mtumba

Jumamosi moja mwezi uliopita, kabla sijamaliza chai ya asubuhi, dada yangu alibisha mlango akiwa na mwanawe, yule anayesoma chuo kikuu mwaka wa tatu. Ukiona mama na kijana wa umri huo wameandamana asubuhi namna hiyo bila hata kupiga simu, jua kuna kesi. Mama watoto aliongeza vikombe viwili, nami nikavaa joho la hakimu.

Kesi yenyewe ilikuwa hii. Zamu ya dada katika chama chao cha akina mama ilikuwa imefika, akapokea shilingi 80,000. Kijana naye alikuwa ameona kamera ya mtumba aina ya Canon 6D ikiuzwa shilingi 65,000 karibu na Barabara ya Luthuli, na muuzaji amempa hadi Jumatatu. Lakini dada alikuwa amekwisha kuzigawa pesa hizo akilini: 38,000 za karo ya kijana huyo huyo, nyingine za sare na vitabu vya mdogo wake, na kidogo cha akiba.

"Kaka," akaniambia, "wewe ndiwe uliyeshika kamera miaka yote ile. Ukisema anunue, atanunua. Ukisema asinunue, basi asininunie tena nyumbani."

"Mjomba," kijana akadakia, "hii si anasa, ni kazi. Nikiipata, karo nitajilipia mwenyewe."

Kweli, miaka ya 1990 nilikuwa nikipiga picha za arusi siku za Jumamosi, enzi za filamu ya picha 36, ambapo kila ukibonyeza ulisikia senti zikianguka. Kwa hivyo sikumcheka. Nilimwuliza kilichomsukuma, naye akaniambia ukweli kwa sauti ya chini. Majuma matatu kabla ya hapo alikuwa amepiga picha za arusi katika kanisa moja la Eastlands. Ibada ilichelewa, giza likaingia, na picha za maharusi wakivishana pete zikatoka zikiwa na chengachenga na ukungu. Wenye arusi walikataa kumlipa shilingi 10,000 zilizobaki. Bibi arusi alilia.

"Kamera yangu ndiyo iliyoniaibisha," akasema. "Kama ningekuwa na fremu kamili, haya yasingetokea."

Msomaji ambaye hajawahi kusikia maneno hayo asijali. Mwaka 1925 kampuni ya Leitz ya Ujerumani ilianza kuuza kamera ndogo iitwayo Leica, iliyobuniwa na fundi wao Oskar Barnack. Kila picha kwenye filamu yake ilikuwa na upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, na kipimo hicho kikaenea dunia nzima. Filamu zetu zote za miaka ya 1990 zilikuwa hivyo. Zilipokuja kamera za dijitali, kile kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu, yaani kihisi, kilikuwa ghali mno kutengenezwa kwa ukubwa huo. Ndipo kampuni zikatoa kamera za bei nafuu zenye kihisi kidogo. Mwaka 2005 Canon ilitoa 5D, ambayo ilianza kuishusha bei ya kamera zenye kihisi cha milimita 36 kwa 24. Hizo ndizo za fremu kamili. Nyingine zikafuata: Nikon D700 na Canon 5D Mark II mwaka 2008, Canon 6D mwaka 2012, na Sony A7 mwaka 2013. Leo wenye mali wamehamia kwenye kamera mpya zaidi, na hizi za zamani zimejaa katika soko la mtumba.

Tena ni kamera nzuri, nisije nikaonekana ninazikashifu. Kihisi kikubwa hukusanya mwanga zaidi, kwa hivyo chengachenga hupungua gizani. Lenzi pana hubaki pana kweli, jambo linalofaa sana ukipiga picha za ruracio katika sebule ndogo ambamo wazee ishirini wamebanana.

Nilimwambia kijana afungue kompyuta yake anionyeshe zile picha za aibu. Uzuri wa picha ya dijitali ni kwamba hubeba kumbukumbu ya namna ilivyopigwa. Tuliposoma, tukakuta lenzi ilikuwa ile ndogo iliyokuja na kamera, ya milimita 18 hadi 55. Alikuwa ameivuta hadi mwisho, na hapo uwazi wake ni f/5.6. Kwa vile mwanga ulikuwa haba, kamera ilibaki wazi kwa 1/15 ya sekunde.

"Mwanangu," nikamwambia, "katika muda huo bwana arusi ameshasogeza mkono, na wewe mwenyewe umetikisika. Ukungu huu haukuletwa na udogo wa kihisi. Umeletwa na tundu dogo la lenzi."

Nikamfanyia hesabu kwenye karatasi. Kihisi cha fremu kamili kina eneo kama mara mbili na nusu hivi ya kile cha kamera yake. Hiyo ndiyo faida ambayo angeipata kwa shilingi 65,000. Lakini ipo lenzi ndogo ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa katika orodha ya Canon. Ukiifungua hadi f/2 tu, inaingiza mwanga mara nane kuliko f/5.6. Ile 1/15 ya sekunde inakuwa karibu 1/125, na mkono wa bwana arusi unatulia. Mara mbili na nusu kwa 65,000, au mara nane kwa bei ambayo haifiki hata robo ya hiyo?

Kijana alinyamaza, kisha akauliza, "Na ubora wa picha, Mjomba?" Kamera yake ni ya megapikseli 18, na hiyo 6D ni ya 20. Picha ya megapikseli 18 inachapishwa safi kwenye karatasi ya A3, na wateja wake wengi huziangalia kwenye simu. Hapo pia hakukuwa na pengo la kumfanya mama akose karo.

Hata hivyo sikutaka kutoa hukumu bila kuiona kamera yenyewe. Alasiri tulishuka mjini watatu. Na kwa kuwa huenda wewe, msomaji, ukawa njiani kununua ya kwako, nitaeleza tulichokagua.

Kwanza, namba ya kamera na risiti. Kamera huibwa kama simu, na Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 322, inamhesabu kuwa mkosaji anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Bei ikiwa ya kushangaza, shangaa. Tena usitume hata shilingi moja kwa M-Pesa ili "uwekewe" kamera ambayo hujaishika mkononi.

Pili, umri wa kazi. Ndani ya kamera kuna pazia dogo linalofunguka na kujifunga kila unapopiga picha, nalo huchakaa. Canon 6D ilikadiriwa kuhimili mara 100,000 hivi, na 5D Mark II na D700 mara 150,000. Kamera za Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya picha zake. Nyingi za Canon haziandiki, hivyo utahitaji programu au fundi.

Tatu, usafi wa kihisi. Funga tundu la lenzi hadi f/16, piga picha ya ukuta mweupe au anga tupu, kisha ikuze utafute madoa. Ukiuziwa Nikon D600 ya mwaka 2012, kuwa makini zaidi. Wengi walilalamikia madoa kwenye kihisi chake, na mwaka 2014 Nikon yenyewe ilitangaza kuzisafisha kamera hizo na kubadilisha pazia bila malipo. Uliza kama hiyo unayouziwa ilihudumiwa.

Nne, mulika lenzi kwa tochi ukitafuta kuvu, ule utando kama wa buibui, hasa ikiwa imeishi Pwani kwenye unyevu.

Basi, kamera ya yule muuzaji ilifaulu mitihani yote. Risiti ilikuwapo, kihisi kilikuwa safi, na pazia lilikuwa limefanya kazi chini ya mara 40,000. Uso wa kijana uling'aa, wa mama yake ukasinyaa.

Lakini kuna jambo moja lililotokea, nalo ndilo lililomaliza kesi. Ili kuijaribu kamera ile, ilitubidi tuazime lenzi ya muuzaji. Kijana alikuwa amebeba yake, ile ya 18 hadi 55, ikakataa kuingia. Lenzi hizo, ambazo Canon huziita EF-S, zilitengenezwa kwa kamera zenye kihisi kidogo tu. (Kwa Nikon lenzi ya namna hiyo huingia, ila kamera huikata picha, na D700 ya megapikseli 12 hubaki na tano tu.)

"Hiyo lenzi mliyojaribu nayo ni bei gani?" dada akauliza, nadhani kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Hiyo ni nyingine, mama. 45,000."

Dada hakusema neno. Alimtazama tu mwanawe. Shilingi 110,000, na mkobani mna 80,000.

Tuliketi mkahawani, nikampa kijana maswali matatu ambayo ningempa mtu yeyote. La kwanza: ni picha gani kamera uliyo nayo imeshindwa kupiga hata baada ya kuipa lenzi nzuri na mwanga? La pili: je, pesa zako zinatosha kamera pamoja na lenzi yake, au kamera tupu? La tatu: itachukua kazi ngapi kurudisha pesa hizo? Hili la tatu alilijibu mwenyewe. Kila arusi humwachia shilingi 10,000 baada ya nauli na gharama nyingine, na mwaka uliopita alipata arusi tatu. Angehitaji arusi kumi na moja, karibu miaka minne.

Ukiyajibu matatu hayo bila kujidanganya, na jibu likawa nunua, basi nunua bila hofu. Na kama wewe ni mpenzi wa kupiga picha za ndege wa Nairobi National Park au kandanda pale Nyayo, huenda hata usiihitaji. Kwenye Canon yenye kihisi kidogo, lenzi ya milimita 200 huvuta kama ya 320.

Jumatatu kijana alimpigia muuzaji simu akamshukuru. Siku hiyo hiyo akanunua lenzi ya mtumba ya milimita 50 kwa shilingi 9,000, ambayo siku akipata fremu kamili ya Canon kama ile 6D itaingia huko pia. Karo ililipwa. Akiba ya dada ndiyo iliyochangia lenzi, na wameandikiana deni.

Kisha akafanya jambo ambalo sikumfundisha. Alikwenda kwa wale maharusi, akaomba radhi, akajitolea kuwapiga picha upya kanisani wakiwa katika mavazi yao, jioni ile ile na mwanga ule ule. Pete zilionekana safi. Walimpa shilingi 4,000 kati ya zile 10,000 walizomnyima. Siku ya arusi yenyewe haiwezi kurudi, naye analijua hilo.

Dada anasema kijana bado huitazama picha ya ile 6D kwenye simu usiku. Haidhuru, na aitazame. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini hawakukataza mtu kuweka akiba ya msala wake mwenyewe.

Tukutane Jumapili ijayo, majaliwa.