Hadithi za Picha Si Adui wa Darasa

Mwanafunzi akikutwa na kitabu cha hadithi za picha darasani, sisi walimu humtendea kana kwamba amekutwa na bangi. Kitabu hunyakuliwa, sikio huvutwa, na mzazi huandikiwa barua. Nasema "sisi" kwa sababu hata mimi nilikuwa miongoni mwao, na leo nataka kukiri kosa langu mbele ya wasomaji wa ukurasa huu.

Mwaka wa 1997 nilikuwa nikifundisha Kiswahili darasa la tano. Palikuwa na kijana mmoja wa dawati la nyuma ambaye kila alipoambiwa asimame asome, alikwama neno kwa neno hata wenzake wakaangua kicheko. Siku moja nilimwona ameinama, anatabasamu, na midomo yake inachezacheza. Nilipomwendea, nikakuta ndani ya kitabu cha hesabu ameficha Abunuwasi, kitabu cha picha kilichochorwa na Gado na kuchapishwa na Sasa Sema mjini Nairobi mwaka wa 1996. Nikamnyang'anya. Jioni, nikikipekua nyumbani, ndipo nilipotambua jambo ambalo hasira ilikuwa imenificha: mtoto yule alikuwa akisoma Kiswahili, tena kwa hiari yake, jambo ambalo mimi nilishindwa kumfanya alitende kwa muhula mzima.

Kabla sijamrudishia, wazazi wake walihama. Kitabu chake ninacho hadi leo.

Wanaopinga vitabu hivi wana hoja zao, nami sizidharau. Husema kwamba picha humfanya mtoto mvivu. Husema pia kwamba zimwi la bibi, ambalo kila mtoto alijichorea mwenyewe akilini baada ya "Paukwa!" na "Pakawa!", sasa limechorwa na mtu mmoja, na watoto wote huliona lile lile. Ni kweli. Lakini tuulizane, ni nyumba ngapi leo ambamo bibi bado huketi na wajukuu jioni? Wengi wetu tuko mijini, bibi yuko mashambani, na jioni imekuwa ya televisheni na simu. Mkosa titi la mama, hata la mbwa huamwa.

Isitoshe, si jambo geni ngano kutoka kinywani na kuingia kitabuni. Mmisionari Edward Steere alikusanya hadithi za Unguja na kuzichapisha mwaka wa 1870. Miongoni mwazo imo ile ya Sultani Darai, yenye maskini aliyekuwa akichakura jaani kutafuta punje za mtama. Aliokota thumni, akanunua paa, na paa yule akamfanya bwana mkubwa mwenye mke na jumba. Lakini paa alipougua, bwana alikataa hata kwenda kumtazama. Paa akafa, na bwana akaamka akajikuta jaani tena.

Ngano hiyo niliifundisha miaka kadhaa baadaye. Kwanza niliisimulia kwa mdomo. Kisha nikachora ubaoni picha sita, kwa mkono wangu usiojua kuchora, nikaacha wazi mahali pa maneno ya wahusika ili watoto wayajaze wenyewe. Picha ya mwisho sikuichora. Niliwauliza tu: bwana huyu anastahili nini? Ubishi ulizuka. Wengine walitaka asamehewe, wengine wakasema jaa linamtosha, na mikono iliyoinuliwa ilikuwa ya watoto ambao sikuwahi kuisikia sauti yao. Madaftari niliyosahihisha siku ile yalikuwa na sentensi ndefu kuliko za insha yoyote ya muhula huo.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote katika madarasa ya chini mwaka wa 2019, unataka mtoto asikilize, azungumze, asome na aandike. Hadithi ya picha huweza kuyafanya yote manne katika kipindi kimoja, mradi mwalimu aifundishe badala ya kuwagawia watoto vitabu na kwenda zake ofisini.

Kwa hivyo nawasihi wachapishaji wasiziache ngano zetu. Miaka ya 1980 mfululizo wa Pichadithi ulitoa visa kama kile cha Lwanda Magere wa Wajaluo. Kila kabila lina visa vya namna hiyo, na wachoraji hodari hawakosekani. Nawasihi pia walimu wakuu waviwekee vitabu hivi nafasi katika kabati la maktaba. Na wewe mwalimu mwenzangu, kabla hujanyang'anya, msomee mtoto ukurasa mmoja, kisha naye akusomee wa pili.

Ama yule kijana wangu, sasa ni mtu mzima, pengine na watoto wake. Ikiwa anasoma haya, namwomba radhi. Na aje achukue kitabu chake.