Risiti ya hospitali nayo itambuliwe na mtoza ushuru

Msomaji mpenzi, kila mwaka kabla ya Juni 30 unalazimika kuwasilisha taarifa ya mapato yako kwa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA). Ikiwa umeajiriwa, mwajiri wako hukupa fomu ya P9. Hebu itazame vizuri. Utaona mshahara, mchango wa uzeeni, mchango wa Bima ya Afya ya Jamii (SHIF) na ushuru uliokatwa. Sasa tafuta mahali pa kuandika pesa ulizolipa mama alipolazwa, au zile unazompelekea mwuza dawa kila mwezi kwa ajili ya kisukari au shinikizo la damu. Utatafuta hadi uchoke. Mahali hapo hapapo.

Kasoro ya sheria yetu ni hiyo. Humsaidia anayelipia bima, lakini humpa kisogo anayelipia matibabu yenyewe.

Ukinunua bima ya afya ya kibinafsi, unapata nafuu ya ushuru ya asilimia 15 ya ada uliyolipa, mradi isizidi Sh60,000 kwa mwaka. Aidha, sheria ilirekebishwa mwishoni mwa 2024 ili mchango wa SHIF, yaani asilimia 2.75 ya mshahara, uondolewe katika mapato kabla ya ushuru kuhesabiwa. Mgala muue na haki yake mpe: hizo ni hatua njema. Lakini ni nani anayepata Sh60,000 zote? Ni yule anayelipa ada ya Sh400,000 kwa mwaka. Huyo si karani wa Industrial Area wala mwalimu wa Kayole.

Hesabu ya SHIF nayo inashangaza. Chukua viwango vya ushuru vilivyoanza Julai 2023. Mwenye mshahara wa Sh1,000,000 kwa mwezi huchangia Sh27,500, na ushuru wake hupungua kwa Sh9,625, kwani pesa hizo zingetozwa asilimia 35. Mwenye Sh100,000 huchangia Sh2,750 na kuokoa Sh825, asilimia 30. Na bawabu wa Sh20,000? Huchangia Sh550 na haokoi hata ndururu, kwa kuwa nafuu ya kila mlipa ushuru ya Sh2,400 ilikuwa imekwisha kuufuta ushuru wake. Kadiri unavyopata zaidi, ndivyo serikali inavyokusaidia zaidi kulipia bima ile ile!

Yamkini utasema kwamba SHIF ipo, basi bili za nini? Jibu unalo nyumbani. Bima hiyo humhudumia mchangiaji, mume au mke wake na watoto wao. Mzazi hana budi kujisajili na kuchangia mwenyewe. Bili yake inapozidi kiasi ambacho bima hulipa, simu hupigwa kwako wewe uliye mjini. Ukishindwa, inaitishwa harambee. Na mchango wako katika harambee hiyo haupunguzi ushuru, kwa maana sheria hutambua michango inayopewa mashirika ya hisani yaliyoidhinishwa, si jirani aliyelazwa.

Wengine wamelishughulikia jambo hili. Huko Marekani, ambako majimbo mengi hutoza ushuru wao wa mapato mbali na ule wa serikali kuu, jimbo la New Jersey humruhusu mkazi kuondoa gharama za matibabu zinazozidi asilimia 2 ya mapato yake. Afrika Kusini nayo, mnamo Machi 2012, iliacha kuondoa michango ya bima ya matibabu katika mapato na badala yake ikaanza kutoa nafuu ya kiasi maalumu. Sababu ni ile ile tuliyoiona hapo juu: utaratibu wa zamani uliwafaa zaidi wenye vipato vikubwa.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, bili za hospitali na dawa zinazozidi sehemu fulani ya mapato ya mtu zitambuliwe, zikiwemo zile za wazazi anaowatunza. Pili, nafuu iwe ya asilimia moja kwa wote, tuseme ile 15 ya bima, na iwekewe kikomo ili matajiri wasiigeuze shamba la bibi. Tatu, mchango wa SHIF nao uwekwe katika utaratibu huo huo.

Wakuu wa Hazina watauliza: je, risiti bandia? Swali zuri. Lakini tangu Januari 2024 wafanyabiashara hawakubaliwi gharama zisizo na ankara ya eTIMS, isipokuwa chache. Mgonjwa naye atakiwe vivyo hivyo. Tena ataidai ankara hiyo bila kusukumwa, na KRA itajua zahanati na maduka ya dawa yanauza kiasi gani. Kitakachopotea huku huenda kikapatikana kule.

Nakiri kwamba nafuu ya ushuru haitamfaa mchuuzi wala bawabu yule ambaye halipi ushuru wa mapato. Dawa yake ni hospitali ya umma yenye dawa na daktari. Lakini hiyo si sababu ya kumwacha mwalimu wa Kayole akilipa ushuru kwa pesa ambazo hakuzila, bali alizikabidhi kwa keshia wa hospitali.

Kila mwaka Bunge hualika wananchi kutoa maoni kuhusu Mswada wa Fedha. Msomaji, usingoje bili ikufikie ndipo uanze kulalama. Anza leo kuweka risiti zako pamoja, uzijumlishe, na mwaliko ukitoka umwandikie mbunge wako jumla hiyo. Hesabu ya mkono wako itamgusa kuliko hotuba.