Bi Harusi Si Mzigo wa Gari la Nyuma



Leo hatuna habari za singo wala hina wala kitambaa cha nguo ya ukumbini. Leo tuna jambo limetukaa kooni, na tukinyamaza tutakuwa tumemdhulumu mwenzetu.

Msomaji wetu mmoja anaolewa karibuni, inshaAllah. Mchumba wake ni kijana wa kwetu anayeishi Uingereza, na ni mtu wa triathloni, ule mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo. Dada huyu naye si mgeni wa baiskeli. Kakulia Pemba, skuli alikwenda kwa baiskeli, na mpaka leo asubuhi baada ya Alfajiri hutoka na wenziwe wawili kuendesha. Mchumba kamwambia fungate yao itakuwa Ufaransa, kwenye milima ya Alps: wiki nzima ya kuendesha baiskeli na wanamichezo wenzake, wakiwa na kiongozi wa msafara. Dada kafurahi. Kauliza, "Na mimi baiskeli yangu nitaikuta kule au tutakodi?" Akajibiwa, "Wewe utakaa kwenye gari, utatupokea juu na maji."

Alipolipeleka jambo nyumbani, shangazi zake na somo wake wakaja juu. Wao hawakuudhiwa na lile gari hata kidogo. Kilichowakera ni kuwa mwari ametamka neno baiskeli. "Mwari na baiskeli wapi na wapi? Aibu gani hii?"

Basi tazameni. Bwana harusi na shangazi hawajawahi kukaa mkeka mmoja, lakini katika hili wamekubaliana: dada asipande. Sisi hatukubaliani na yeyote kati yao, na tutasema kwa nini.

Kwanza tuijue safari yenyewe, maana wengi wanaibishia bila ya kuijua. Safari za namna hii nyingi hufikia mji mdogo wa Bourg d'Oisans, chini ya mlima. Kutoka hapo barabara inapanda mpaka Alpe d'Huez, kiasi cha kilomita 14 zenye kona 21 zilizopewa namba. Unaanza na kona ya 21 chini na kumaliza na ya 1 juu, na kila kona imeandikwa majina ya washindi wa mbio za Tour de France waliotamba mlimani hapo. Wa mwanzo alikuwa Mtaliano Fausto Coppi, mwaka 1952. Siku nyengine msafara huelekea Col de la Croix de Fer, mita 2,067 juu ya bahari, au Col du Galibier, mita 2,642, ambayo theluji huifunga mpaka karibu na kiangazi. Kiongozi anajua njia, anajua wapi pa kupumzika na wapi pana maji. Nyuma linakuja gari lenye vipuri, makoti na chakula.

Watu wa triathloni huipenda milima hii kwa sababu ya kazi yake. Ukipanda saa nzima bila ya kushuka, miguu na moyo hufundishika kuvumilia, na hiyo ndiyo haja ya mtu ambaye katika mashindano marefu ataogelea kilomita 3.8, aendeshe 180, kisha akimbie 42. Hatuna neno na hilo. Mwanamme kuutunza mwili wake ni jambo jema, na mume mwenye afya ni neema.

Neno letu ni hili: kama mlima huu unafundisha subira na unajenga mwili, kwani mwili wa mke umeumbwa kwa udongo gani?

Tuanze na shangazi zetu, kwa heshima zote, maana ndio waliotulea.

Shangazi, tunajua mnachokiogopa, na hamkisemi mbele ya watu. Mnasema pembeni, baada ya kufunga mlango: baiskeli humharibu msichana, na usiku wa harusi patakuwa na maneno. Maneno haya yamewashusha wasichana wengi wa visiwa vyetu kwenye baiskeli walipovunja ungo tu, wengine skuli wakawa wanakwenda kwa miguu masafa ya kutisha huku kaka zao wakiwapita. Basi tuyaseme wazi. Kile kijingozi wanachokiita bikira kinatofautiana baina ya mwanamke na mwanamke tangu kuzaliwa. Wengine kwao ni kidogo sana, wengine hunyumbuka tu, na wako wengi ambao usiku wa kwanza hawatoki damu hata tone. Hakuna daktari anayeweza kukitazama akajua mwanamke huyu kamjua mwanamme au la. Mwezi wa Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na wenziwe wa Umoja wa Mataifa, lilitaka upimaji wa bikira ukomeshwe kabisa, kwa kuwa haupimi kitu na unamdhalilisha mwanamke.

Na dini yetu je? Kumsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi ni miongoni mwa madhambi makubwa, na Qur-ani imetaka mashahidi wanne. Shuka haimo katika hao wanne, na tandiko la baiskeli halimo. Anayemtilia msichana shaka kwa sababu alipanda baiskeli anabeba mzigo mzito kuliko mlima wowote wa Ufaransa.

Mtasema: basi na stara? Hapo tuko pamoja. Nguo za baiskeli zinazobana mwili hatuzitetei. Lakini stara haikuwahi kushindwa na baiskeli. Suruali pana iliyofungwa vizuri kifundoni isinaswe na mnyororo, kanzu fupi pana ya kufika magotini, mtandio mwepesi uliobana kichwani na kofia ngumu juu yake. Buibui refu ndilo la hatari, maana likiingia kwenye gurudumu linakuangusha. Mwenye kuvaa nikabu naye ajue kabla hajakata tiketi kwamba Ufaransa ina sheria ya mwaka 2010 inayokataza kufunika uso hadharani. Mtandio wa kichwani barabarani haukukatazwa.

Na msituambie kuwa hakuna mwanamke mwenye haya aliyefanya haya. Masomah Ali Zada ni binti wa Afghanistan. Kabul alirushiwa mawe kwa kuendesha baiskeli, akakimbilia Ufaransa, na mwaka 2021 akashindana katika Olimpiki ya Tokyo katika timu ya wakimbizi, mtandio uko chini ya kofia yake. Mwezi wa Oktoba 2022 wanawake wa Afghanistan waliotawanyika duniani walikusanyika Uswisi kugombea ubingwa wa nchi yao, kwa kuwa kwao hawana tena barabara ya kushindana. Mshindi alikuwa Fariba Hashimi, na wa pili dada yake, Yulduz. Wale wamepoteza nchi kwa sababu ya magurudumu mawili. Sisi barabara tunayo, na anayetuzuia ni shangazi.

Tumkumbuke pia mama yetu Aisha, Allah amridhie. Imepokewa kwamba alishindana mbio na Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, wakiwa safarini. Mara ya kwanza Aisha alimshinda. Baadae, alipokuwa amenenepa, Mtume alimshinda yeye, akamtania kuwa hii ni fidia ya ile. Itazameni vizuri hadithi hii. Mtume aliwatanguliza watu wengine kwanza, kisha ndio wakashindana, basi stara ilikuwepo. Lakini hakumwambia mkewe akae pembeni amshikie maji. Alikimbia naye.

Hapo ndipo tunapomgeukia bwana harusi.

Mdogo wetu, tumesikia kuwa wewe ni mtu mwema na unamtaka mwenzio aone dunia. Allah akulipe. Lakini hebu piga hesabu. Siku sita kati ya saba utakuwa barabarani saa nne mpaka saa sita. Ukirudi umechoka, unakula, unanyoosha miguu, unalala mapema kwa ajili ya mlima wa kesho. Mkeo wa siku kumi atakuwa ameshinda ndani ya gari na dereva asiye maharimu wake, akigawa ndizi kwa wanaume asiowajua. Ukimpeleka kwa sababu ya kumuonea wivu asionekane barabarani, basi umemuweka mahali pabaya zaidi. Na ukiwa unaogopa kuwa atakuchelewesha, sema hivyo, usijifiche nyuma ya dini.

Usituambie pia kuwa mlima ule ni wa wanaume. Mbio za Tour de France za wanawake zilimalizikia juu ya Alpe d'Huez tarehe 18 Agosti 2024. Demi Vollering alishinda siku hiyo, na Kasia Niewiadoma akachukua ushindi wa jumla kwa tofauti ya sekunde nne tu baada ya siku saba. Hatusemi wake zetu wawe kama wale, wala mavazi yao si yetu. Tunasema kuwa kona zile 21 hazimuulizi mtu jinsia.

Na liko moja tulilosikia likinong'onwa, kuwa gharama ya safari ihesabiwe katika mahari. La! Mahari ni haki ya mke, apewe kwa roho safi, na atie mkononi kitu chake. Safari ya mazoezi yako ni mazoezi yako. Kama unampa zawadi, mpe zawadi aitakayo yeye.

Sasa tujigeukie wenyewe, kwa sababu haki haina upande mmoja. Dada akisema anataka kupanda, basi ajitayarishe kweli. Unguja ni tambarare, na asubuhi mbili kwa wiki hazitoshi. Arudi kwao Pemba kwenye vilima, apande na kushuka mpaka avichoke. Kama ana uwezo, avuke aende Mombo na apande barabara ya Lushoto taratibu, ajue mwili wake unasemaje kupanda kusipokwisha. Baiskeli iwe na gia nyepesi za mlimani. Baiskeli zile za triathloni, za kulala mbele juu ya mikono, si za kona kali za kushukia, na bwana harusi naye alijue hilo. Kushuka ndiko kunakotaka akili: breki zibanwe kidogo kidogo kabla ya kona, koti livaliwe juu kabla ya kuanza kushuka maana upepo wa kule unapenya mifupa hata kiangazi, na wote wawili wakumbuke kuwa Ufaransa magari hupita kulia, si kushoto kama kwetu.

Na ibada isiachwe nyuma. Kiangazi cha kule Magharibi huingia baada ya saa tatu usiku na Isha huchelewa sana, basi wapange usingizi wao kwa swala na sio swala kwa usingizi. Wakinuia kukaa mji mmoja siku nne kamili au zaidi, bila ya kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, kwa madhehebu yetu ya Shafi hawapunguzi swala hapo. Wamuulize shekhe kabla hawajaondoka, na wamwambie kiongozi wa msafara mapema wapi watasimama kwa Adhuhuri. Kiongozi anayesimama kwa kahawa hashindwi kusimama kwa swala ya dakika kumi. Nyama isiyojulikana waiache, samaki na mayai yapo.

Ushauri wetu kwa dada ni mfupi. Kabla ya nikahi, mbele ya walii wako, sema unalolitaka kwa maneno wazi. Ama mnakwenda wote wawili na mnapanda wote wawili, kila mtu kwa mwendo wake, na siku mbili tatu anaacha wenzake na kupanda na wewe peke yenu. Ama aende na wenzake siku nyengine, na fungate yenu iwe fungate, hata ikiwa ni Makunduchi kwenye nyumba ya bibi. Yote mawili ni halali na yote mawili ni mazuri. La tatu, la kukaa kwenye gari na chupa za maji, likatae kwa upole na usilionee haya.

Kwa sababu hapa hatugombei baiskeli. Mwanamme anayeanza ndoa kwa kumpangia mkewe mahali pa kukaa bila ya kumuuliza, ataendelea kumpangia: pa kufanya kazi, pa kusoma, pa kucheka. Na mwanamke anayeanza kwa kunyamaza atazoea kunyamaza. Wiki ile ya mlimani ni fupi. Ndoa tunaiombea iwe ndefu kuliko barabara zote za Alps.

Shangazi zetu tunawaomba radhi kama tumepandisha sauti. Bwana harusi tunamuombea kheri, na tunamkumbusha kuwa mbora wenu ni aliye mbora kwa ahali wake. Na wewe dada, tia upepo matairi. Allah akufungulie njia, akupe mume wa kupanda naye na kushuka naye, na awafikishe salama.

Amin.