"Carte mère imekufa": neno linalokula pesa za watu Rutshuru

Umeme upo Rutshuru. Tangu Desemba 2015 kituo cha Matebe, chenye nguvu ya zaidi ya megawati 13, kinatumia maji ya mto Rutshuru, na hata Goma inapata sehemu yake. Kompyuta za mezani zimeingia kwenye sekretaria, shule, parokia na vituo vya afya. Lakini ujuzi wa mashine hizo haukuja pamoja na nyaya. Ndiyo maana maneno matatu ya fundi, "carte mère imekufa", yanatosha kumfungia mama sekretaria yake.

Carte mère, yaani ubao mama, ni ule ubao mpana ulio ndani ya sanduku la kompyuta, ambao kila kipande kingine kinaunganishwa juu yake. Ukifa kweli, mara nyingi mwenye mashine hununua nyingine. Kwa hiyo hukumu hiyo ni nzito, na haifai kutolewa na mtu ambaye hajapima kitu. Hata hivyo inatolewa kila siku, na wateja wanakubali kwa sababu hawajui waulize nini.

Waanze kuuliza juu ya umeme. Nyuma ya kisanduku kinachopokea umeme, kwenye mashine nyingine kuna swichi ndogo yenye 115 na 230. Kongo inatumia volti 220, basi swichi ikae kwenye 230. Ikiachwa kwenye 115, kisanduku kinaungua, na ubao unasingiziwa. Kutoka kwenye kisanduku hicho inakuja plagi kubwa ya pini 24, na nyingine ndogo ya pini 4 au 8 inayoingia karibu na prosesa. Ile ndogo ikilegea, feni zinaweza kuzunguka huku skrini imebaki nyeusi. Hapo hakuna maiti, kuna plagi ya kusukuma tu.

Waulize pia juu ya kitufe. Pembeni ya ubao kuna pini nyembamba zilizoandikwa PWR SW, RESET, HDD LED na kadhalika. Kitufe cha kuwashia kikiharibika, mashine haiwaki ingawa ubao ni mzima. Fundi wa kweli anagusanisha zile pini mbili za PWR SW kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Mashine ikiwaka, ugonjwa ni kitufe au waya wake. Waya za kitufe hazina upande. Za taa zina chanya na hasi, na zikigeuzwa taa haiwaki, basi.

Kuna betri ya mviringo, CR2032, ya volti 3. Ikiisha, kila umeme unapokatika saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka mingi, na kurasa za intaneti zinakataa kufunguka. Mteja anaambiwa ni virusi, analipa kufutiwa kila kitu, pamoja na picha za familia. Kuna pia RAM, ambayo vumbi la Goma linaiziba. Mara nyingine inatosha kuichomoa, kuisafisha na kuirudisha mpaka vibano vilie. Na diski ya SATA ina kebo mbili: nyembamba ya pini 7 kwa data, na pana ya pini 15 kwa umeme. Moja ikitoka, diski haionekani.

Wanaoumizwa zaidi na ujinga huu ni familia zilizokimbia vita. Juni 2022 Bunagana ilianguka, Oktoba Kiwanja na Rutshuru zikafuata, watu wakajaa Kanyaruchinya. Januari 2025 vita vikafika Goma, kisha kambi zikabomolewa na watu wakahama tena. Aliyekuwa na kompyuta aliibeba kwa moto au kwa chukudu, juu ya mawe ya volkano. Kwa safari kama hiyo plagi kulegea na RAM kutoka ni jambo la kawaida. Lakini anapofika kwa fundi anaambiwa mashine imekufa, na fundi huyohuyo anajitolea kuinunua kwa bei ya vyuma. Mnunuzi wa maiti hafai kuwa ndiye anayetangaza kifo.

Wapo mafundi waaminifu, na zipo mbao zilizokufa kweli, kwa radi au kwa umeme unaopanda na kushuka ghafula. Wengine wanajitetea kwamba watu wote wakijua, wao watakufa njaa. Mbona motari wote wa Goma wanajua kubadilisha bougie, na makanika bado wanakula? Ujuzi wa mteja unamwondoa mdanganyifu, haumwondoi fundi. Wengine wanasema ni hatari. Basi hatari ifundishwe: mashine ichomolewe kwanza, plagi isilazimishwe, na kile kisanduku cha umeme kisifunguliwe kamwe. Ifundishwe pia kwamba baadhi ya mashine za Dell na HP zina plagi zao za pekee, zisizokubali kisanduku cha kawaida.

Lawama nyingine iende kwa shule na vituo vya mafunzo. Wazazi wanalipa ada ya informatique, na mtoto anachora kibodi kwa chaki. Somo la plagi halihitaji umeme wala intaneti. Linahitaji mashine moja mbovu iliyofunguliwa, na mwalimu anayekubali watoto wachomoe na kurudisha kwa mikono yao. Mashine mbovu hazikosi. Redio za jamii nazo zinaweza kuyataja majina haya kwa Kiswahili na Kinyarwanda, ili yamfikie hata asiye na shule.

Kwa sasa, kila anayepeleka mashine kwa fundi adai mambo matatu: sanduku lifunguliwe mbele yake, ukubwa wa RAM na wa diski uandikwe kwenye karatasi kabla hajaondoka, na kipande chochote kinachosemwa kimekufa arudishiwe mkononi. Fundi anayekataa hayo matatu aachwe.

Tantali inayochimbwa na vijana wa Masisi kule Rubaya inatumika katika vipande vidogo vya simu na kompyuta za dunia nzima, na bati ya Walikale ni ya namna ile inayounganisha vipande hivyo na ubao. Ni aibu kijana wa huku aitoe ardhini kwa mikono yake, kisha ubao ukirudi umeshatengenezwa aambiwe asiuguse kwa sababu hataelewa.