Oili ya Pikipiki na Amana ya Nyumbani



Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, walinijia barazani watu wawili wa nyumba moja: mama mjane, na kijana ambaye ni mtoto wa marehemu dadake. Mama ndiye mwenye pikipiki. Aliinunua kwa fedha za chama alizoziweka kidogo kidogo, na kijana huiendesha bodaboda na kumletea hesabu kila jioni. Hesabu hiyo ndiyo karo ya watoto, na ndiyo unga na kitoweo. Sasa pikipiki ilikuwa haifanyi kazi. Kijana akivuta mafuta, injini hulia kwa kishindo lakini tairi halipati nguvu, na mlima wa kupandia Kwale kutoka Kombani ulikuwa umeishinda hata bila ya abiria.

"Sheikh," alisema mama, "kila mwezi nampa pesa za oili. Kama angeitia, pikipiki ingeharibikaje? Huyu ananiibia, na mimi ndiye niliyemlea."

Kijana aliinamisha kichwa kwa muda, kisha akatoa chupa tupu kwenye mfuko aliokuja nao. "Mama mdogo, oili nimetia. Nilikuwa naongeza pesa zangu juu ya zako ili ninunue hii iliyo ghali zaidi. Mwenye duka aliniambia ndiyo inayotiwa magari ya wakubwa."

Niliipokea chupa ile nikaigeuzageuza, na nakiri mbele yenu kwamba sikufahamu lolote. Nimekaa na vitabu tangu utotoni, lakini herufi za chupa ile zilinishinda. Basi tukaenda sote watatu kwa fundi. Yeye aliitazama chupa kabla ya kuitazama pikipiki, akatikisa kichwa. "Oili hii ni nzuri sana," alisema, "lakini si ya pikipiki."

Ndugu zangu, na hasa mama zetu na dada zetu mnaoshika mfuko wa nyumba, nimeyaandika haya kwa sababu nyumba nyingi za pwani leo zinaishi kwa pikipiki moja. Chombo hicho ni amana mikononi mwa anayekiendesha, na fedha ya oili nayo ni amana. Lakini amana hailindwi kwa nia njema peke yake. Inataka ilimu, na ilimu hii haihitaji kwenda mbali kuitafuta.

Kuisoma chupa

Fundi alitueleza hivi. Katika gari, kwa kawaida, injini ina oili yake na gia zina oili zake. Katika pikipiki nyingi tunazozitumia, oili moja hufanya kazi tatu: hulainisha injini, hulainisha gia, na huziosha sahani za klachi zinazozunguka ndani yake. Sahani hizo hufanya kazi kwa kushikana. Baadhi ya oili za gari hutiwa dawa ya kuongeza utelezi ili gari litumie petroli kidogo. Dawa hiyo ikifika kwenye klachi, sahani huteleza badala ya kushikana, huungua, na nguvu ya injini haifiki kwenye tairi. Si kila oili ya gari huleta madhara hayo, wala hayatokei siku moja. Lakini mwenye kutegemea chombo chake kwa riziki hana haja ya kubahatisha.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kutafuta kwenye chupa ni neno JASO. Hicho ni kipimo cha Wajapani, na baada yake hufuata herufi. MA, MA1 au MA2 maana yake oili hiyo inafaa klachi inayokaa ndani ya oili. MB imekusudiwa skuta zisizo na klachi ya namna hiyo. Pikipiki ya gia yenye klachi ndani ya oili itiwe MA, si MB. Mkiona maneno ya Kiingereza "Energy Conserving" au "Resource Conserving", irudisheni chupa mahali pake. Hiyo ndiyo ile ya kijana wetu.

Jambo la pili ni namba za uzito, kama vile 20W-50, 20W-40 au 10W-30. Namba ya kwanza, yenye W, hueleza oili inavyokwenda ikiwa ya baridi, na ya pili hueleza uzito wake ikishapata moto wa injini. Wapo wanaosema kwamba kwa joto la pwani, oili nzito zaidi ni bora zaidi. Si hivyo. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kupanda juu ya injini asubuhi na huilemea pampu, na nyepesi kupita kiasi haibaki baina ya vyuma. Kitabu kilichokuja na pikipiki kimeitaja namba yake, na walioiunda ndio waipimao mianya yake. Fuateni kitabu hicho. Kikiwa kimepotea, muulizeni wakala wa aina hiyo ya pikipiki, msimuulize jirani mwenye pikipiki ya aina nyingine.

Jambo la tatu ni herufi za API, kama SJ, SL, SM au SN. Herufi S ni alama ya injini za petroli, na herufi inayofuata, kila inaposogea mbele, huonyesha kipimo kipya zaidi. Oili yenye herufi za C peke yake ni ya dizeli. Na oili ya kuchanganywa na petroli, iliyoandikwa 2T, ni ya injini za namna nyingine kabisa, msiitie humu.

Ama kuhusu oili ya kawaida ya madini na ile ghali iitwayo sinthetiki, fundi alinipa jibu ninaloliona la busara: oili ya kawaida yenye alama sahihi, ikibadilishwa kwa wakati, ni bora kuliko ya ghali iliyokawizwa. Pikipiki ndogo hubeba takriban lita moja tu, na lita hiyo hufanya kazi usiku na mchana. Bodaboda inayokwenda kilomita 100 kwa siku hutimiza kilomita 3,000 kwa mwezi mmoja. Basi hesabuni kwa kilomita za kitabu, na katika vumbi na mizigo mizito msingoje ukomo wake.

Soko nalo lina fitina zake. Ziko chupa zilizookotwa na kujazwa upya oili duni. Tunakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni, vidole vyake vikakuta umaji uliofichwa chini ya nafaka kavu, akamkemea mwenye mali. Anayejaza chupa ya oili kwa udanganyifu yuko katika mlango huo huo. Kagueni pete ya kifuniko isiwe imekatika, na karatasi ya ndani isiwe imebandikwa upya. Tazameni alama ya ubora ya KEBS na namba ya kibali iliyo chini yake. Namba hiyo huweza kuhakikiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, ukiandika SM, alama ya #, kisha namba. Na chupa yenu ikiisha, itoboeni kabla ya kuitupa, isije ikawa chombo cha kumdhulumu mwingine.

Chujio

Hapa kijana naye alipatikana na kosa. Fundi alipofungua kifuniko cha pembeni, alikuta chujio la karatasi lile lile lililotoka dukani na pikipiki. Lilikuwa jeusi na limekunjamana. Oili mpya ilikuwa ikipitishwa kwenye uchafu wa mwaka mzima.

Machujio hayafanani, na lazima mjue lenu ni lipi. La wavu wa chuma huoshwa kwa petroli au mafuta ya taa, likakaushwa na kurudishwa. Kazi hiyo ifanyiwe nje, mbali na jiko na sigara. La karatasi halioshwi wala halipulizwi, hubadilishwa. Liko pia la kopo, linalofunguliwa kwa kuzungushwa, nalo hubadilishwa zima. Na ziko pikipiki zisizo na chujio la karatasi kabisa. Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, iliundwa makusudi ivumilie matunzo haba. Hiyo ina wavu, na chombo kinachozunguka na kuusukumia uchafu pembeni. Pikipiki nyingi za Kichina barabarani mwetu zimefuata injini hiyo. Kusafisha chombo kile kinachozunguka ni kazi ya fundi, si ya uani.

Mkinunua chujio la karatasi, lishikeni pamoja na la zamani: urefu uwe mmoja, tundu la katikati liwe moja, mikunjo iwe mingi na iliyo sawa, na gundi isiwe imeachia. Nunueni pia mpira wa duara wa kifuniko, kwani wa zamani huwa mgumu na kuvujisha. Na kabla ya kulitoa la zamani, piga picha kwa simu namna lilivyokaa na namna springi yake ilivyokaa. Chujio likiwekwa kinyume laweza kuizuia oili isipite, na injini ikafa ikiwa imejaa oili.

Kazi yenyewe uani

Iwasheni pikipiki dakika tatu hivi ili oili ipate vuguvugu na kuteremka na uchafu wake, kisha zimeni. Isimamisheni wima mahali tambarare, wekeni beseni chini, fungueni kifuniko cha juu, kisha bolti ya kumwagia. Iacheni itiririke mpaka iwe matone. Itazameni: weusi peke yake si ubaya, ni dalili kwamba oili imebeba uchafu. Lakini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na ikimetameta kwa unga wa chuma, mwiteni fundi.

Badilisheni chujio, tieni washa mpya, fungeni bolti ikaze bila ya kutumia nguvu za ng'ombe, kwani alumini hukatika meno upesi. Mimineni kiasi kilichotajwa na kitabu, si chupa nzima kwa mazoea. Washeni injini dakika moja, zimeni, ngojeni dakika chache, kisha pimeni kwa kijiti: oili iwe baina ya alama mbili. Ikizidi hudhuru kama inavyodhuru ikipungua. Mwisho, andikeni katika daftari tarehe, kilomita, jina la oili, na kama chujio limebadilishwa.

Mwenye kufanya kazi hii asikimbilie udhu mikono ikiwa na mabonge ya grisi kwenye kucha. Tabaka lenye mwili huzuia maji kufika kwenye ngozi, na kwa hiyo ni lazima liondolewe kwanza. Sabuni na majivu au mchanga laini hutosha. Msioshe mikono kwa petroli.

Oili chafu

Msiimwage ardhini wala kwenye mtaro. Ardhi yetu sehemu nyingi ni mwamba wa matumbawe wenye matundu, na maji ya visima hayako mbali chini. Kinachomwagwa uani kwako chaweza kurudi kwenye ndoo ya jirani yako, na mtaro nao huishia baharini wanakovua waume na watoto wetu. Irudisheni kwenye chombo kilichofungwa, mkaipeleke kwenye gereji wanaoikusanya.

Na nawausia kwa msisitizo: oili, petroli na mafuta ya taa visiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo. Na akinywa, msimtapishe, mkimbizeni hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Pikipiki ya yule mama ilibadilishwa sahani za klachi, ikatiwa oili ya MA na chujio jipya. Injini yenyewe, kwa rehema za Mola, ilisalimika. Gharama waligawana, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na sehemu yake katika lililotokea. Lakini lililokuwa zito zaidi halikuwa la fedha. Mama alikuwa amekwisha kumwita mtoto wa dadake mwizi mbele ya majirani, naye kumbe alikuwa akijinyima ili pikipiki yake ipate kilicho bora. Alimwomba msamaha pale pale gerejini, na kijana akaubusu mkono wake. Siku ya pili mama alipita kwa wale majirani, nyumba baada ya nyumba, akayarudisha maneno yake.

Sasa oili huinunua yeye mwenyewe. Juzi alinionyesha daftari: tarehe, kilomita, na herufi MA zimeandikwa kwa mwandiko wake.

Wabillahi tawfiq.